Spoti ya Siku Saba: Ninja 650, R7, CBR650R, GSX-8R na Tracer 9 kwa Mwenye Pikipiki Moja Tu

Ukikuta pikipiki ya spoti dukani na unataka kujua kama itakufaa siku zote saba za wiki, achana kwanza na injini. Isogelee kwa mbele utazame pale ufunguo unapoingia. Kuna pande la aluminiamu linalozibana shokapu mbili za mbele kwa juu. Mikono ya usukani ikiwa imefungwa chini ya pande hilo, mara nyingi umeshika chombo kilichoumbwa kwa uwanja wa mbio, injini iwe ndogo au kubwa. Ikiwa imefungwa juu yake, hata kwa kimo cha vidole vitatu tu, unaweza kuanza mazungumzo na muuzaji.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka kona vilevile. Swali ni ainame kiasi gani, na kwa muda gani. Kuinama mbele kunaweka uzito kwenye gurudumu la mbele, na uzito huo ndio unaokupa habari za barabara unapoingia kona. Lakini uzito huohuo unapitia kwenye viganja vyako. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa na zaidi, upepo unakusukuma kifuani na kukubebea sehemu ya mwili. Kwenye foleni ya kilomita 20 kwa saa hakuna upepo wa kukubeba, kwa hiyo mzigo wote unashuka mikononi. Ndiyo maana mtu aliyeijaribu pikipiki kwenye barabara kuu akasema ni tamu hakudanganya. Aliijaribu tu pale inapojisikia nyumbani.

Kuna kipimo cha dakika moja. Panda, weka miguu juu ya vikanyagio huku mwenzako ameishika pikipiki isianguke, bana tanki kwa magoti, kisha legeza vidole vyote kwenye mishiko. Kiwiliwili kikibaki kilipo, mkao huo ni wako. Ukianza kuporomoka mbele, basi viganja ndivyo vilivyokuwa vinakushikilia, na baada ya nusu saa ganzi itaanzia chini ya kidole gumba.

Tano zinazopimwa hapa, yaani Kawasaki Ninja 650, Yamaha R7, Honda CBR650R, Suzuki GSX-8R na Yamaha Tracer 9, zimechaguliwa kwa sababu zote zina gurudumu la inchi 17 mbele na nyuma, zote zinapinda kwa raha, na kila moja kuna watu wanaoenda nayo kazini. Zile za mbio tupu kama Yamaha R6, yenye kiti cha milimita 850 na usukani ulio karibu na magoti, zimewekwa kando. Hali kadhalika zile ndefu zenye gurudumu la mbele la inchi 19 au 21: zinastarehesha, lakini si spoti.

Uamuzi tuutoe mapema, asiyetaka maelezo asipoteze muda. Kwa mtu mwenye pikipiki moja tu, GSX-8R ndiyo inayokaa katikati hasa. Mfupi au anayeanza achukue Ninja 650 bila kuona haya. Anayebeba mtu nyuma mara kwa mara aende moja kwa moja kwa Tracer 9. CBR650R ni ya mtu ambaye sauti ya silinda nne inamnyima usingizi. R7 ni nzuri kuliko zote kwenye kona, na ni ya mtu mwenye chombo kingine cha kumfikisha kazini.

Sasa injini, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Wanalinganisha nguvu za farasi kwenye karatasi, wanaona CBR650R ina farasi 95 na GSX-8R ina 83, wanaamua. Angalia mahali nguvu hiyo inapokaa. CBR650R, injini ya silinda nne ya cc 649, inatoa farasi zake kwenye mizunguko 12,000 kwa dakika, na torki yake ya juu (nguvu ya kuzungusha), Nm 63, iko kwenye 9,500. GSX-8R, silinda mbili za cc 776, inatoa Nm 78 kwenye 6,800, na farasi zake zote zimeshafika kwenye 8,500. Tafsiri ya barabarani ni hii: uko gia ya nne, kilomita 60 kwa saa, nyuma ya lori, na nafasi imefunguka. Kwenye GSX-8R unazungusha gesi unapita. Kwenye CBR650R unashuka gia moja, mara nyingi mbili, ndipo unapita. Ukishashuka, itapita kwa mbwembwe, na mlio wake ukivuka 9,000 hakuna wa kuubishia. Jiulize tu ni mara ngapi kwa wiki utafika huko.

Ninja 650 na R7 nazo ni silinda mbili, ila hazifanani tabia. Injini ya Ninja, cc 649, ina krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya nyuzi 180: pistoni moja ikipanda nyingine inashuka. Inapanda mizunguko haraka na kwa wepesi, lakini mtetemo wake mwembamba unausikia kwenye vikanyagio na mishiko unapoishikilia mizunguko ya juu kwa muda mrefu. R7 (cc 689) na GSX-8R zina krenki ya nyuzi 270, kwa hiyo mpangilio wa mapigo na mlio wake unafanana na ule wa injini ya V, yaani yenye silinda zilizopangwa kama herufi hiyo. Faida yake si mlio peke yake. Mapigo ya mpangilio huo yanampa mpandaji hisia nzuri zaidi ya gurudumu la nyuma linavyoshika lami anapofungua gesi kutoka kwenye kona. Suzuki wameweka vilevile vishafti viwili vya kusawazisha mtetemo, na kazi yake unaiona ukishika usukani kwa saa mbili mfululizo.

Tracer 9 ni habari nyingine: silinda tatu, cc 890, farasi 119, Nm 93 kwenye 7,000. Inavuta chini kama silinda mbili na inapumua juu karibu kama silinda nne. Kwa injini peke yake, ingeshinda. Tatizo lake ni kwamba nguvu hiyo yote imewekwa kwenye pikipiki inayokukalisha wima kama umekaa mezani, na anayeanza husahau kwamba mkao wa starehe haupunguzi mwendo.

Tukiingia kwenye moja moja, Ninja 650 ina kiti cha milimita 790, kifupi kuliko zote hapa, tanki la lita 15 na uzito wa kilo 193 hivi ikiwa na mafuta. Tairi lake la nyuma ni 160/60, jembamba kuliko 180/55 la wenzake, na watu huliona kama upungufu. Si upungufu. Tairi jembamba linalala kwenye kona kwa juhudi ndogo, na kwa farasi 68 halina kazi linaloshindwa. Upungufu wa kweli uko kwenye shokapu za mbele: ni za kawaida, hazirekebishiki, na springi zake ni laini. Ukifunga breki kwa nguvu pua inazama, na mpandaji wa kilo 90 ataliona hilo kila siku. Dawa ni springi ngumu zaidi zinazolingana na uzito wako, pamoja na oili mpya ya shokapu ya unene na kimo kilichoandikwa kwenye kitabu. Kazi hiyo inabadilisha pikipiki kuliko ekzosti yoyote ya kelele utakayoifunga.

R7 ina shokapu za mbele zilizopinduliwa za milimita 41, na unaweza kuzirekebisha zote: springi, kushuka na kurudi. Ina uzito wa kilo 188. Kwenye kona ndefu gurudumu la mbele linatulia kama limepigiliwa msumari, na unaweza kuibadili njia katikati ya kona bila kulazimisha. Kisha unarudi mjini. Kiti ni milimita 835, usukani uko chini ya lile pande la juu, vikanyagio viko juu na nyuma. Wengine hufunga mikono ya usukani iliyoinuliwa, na ni suluhisho halali ukikagua mambo mawili kabla ya kutoka gereji. Kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia ukiangalia mpira wa breki: usivutike wala kukunjika popote. Kisha washa injini, iache ingurume bila gesi, ukate usukani tena. Mzunguko ukipanda wenyewe, waya wa gesi umekuwa mfupi au umebanwa, na siku moja utapinda polepole kwenye maegesho na pikipiki itaruka mbele bila wewe kuigusa gesi.

CBR650R inakaa katikati kwa mkao: mikono ya usukani ni miwili mifupi kama ya mbio, kiti ni milimita 810, tanki lita 15.4. Uzito ni kilo 208, na unausikia unapoisukuma kwa mkono zaidi ya unapoiendesha. Kuanzia toleo la 2024 inapatikana na klachi ya E-Clutch, ambayo mota ndogo huikamata na kuiachia klachi badala ya vidole vyako. Mkono wa klachi bado upo, ukiugusa unakuwa na kazi yake ya siku zote. Watu walidhani ni kichezeo. Kwenye foleni ya saa nzima, ambapo mkono wa kushoto unabana na kuachia klachi mamia ya mara, hiki ndicho kifaa kimoja cha starehe kilichobuniwa kwa pikipiki za aina hii katika miaka ya karibuni ambacho kinastahili kulipiwa. Hesabu za fundi nazo usizisahau: silinda nne ni plagi nne na valvu 16 za kupima nafasi, dhidi ya mbili na 8 kwa silinda mbili. Muda wa fundi unahesabika hapo.

GSX-8R kwenye karatasi haina cha kukushangaza. Kilo 205, tanki lita 14, kiti 810, breki za diski za milimita 310, gia zinabadilishwa juu na chini bila klachi. Ukikaa ndipo unaielewa. Mikono ya usukani imefungwa juu ya lile pande, kwa hiyo mgongo unainama kidogo tu, mabega yanabaki wazi, na bado kifua kiko karibu na tanki kiasi cha kulijua gurudumu la mbele linafanya nini. Shokapu za mbele za Showa hazirekebishiki, lakini zimewekwa vizuri tangu kiwandani: zinameza nyufa za lami bila kukugonga, na ukifunga breki hazizami ovyo. Shokapu ya nyuma inarekebishwa ugumu wa kuanzia wa springi tu. Atakayeenda uwanja wa mbio mara kwa mara atazihisi kasoro hizo. Mwingine yeyote hatazihisi. Lalamiko la haki ni kiti cha nyuma: ni kipande kidogo, kiko juu, na abiria atakuwa anakutumbukia mgongoni kila ukishika breki.

Tracer 9 ndiyo pekee hapa yenye kiti cha nyuma cha mtu mzima, na kiti cha mbele kinawekwa kwenye vimo viwili (matoleo ya 2021 hadi 2024 ni milimita 810 au 825). Ina tanki la lita 19. Kero inayosemwa sana ni kioo cha upepo: kwa baadhi ya vimo, upepo uliokatwa na kioo unaishia usawa wa kofia na kuitikisa kichwani. Kipandishe na kukishusha ukiwa safarini ujue kimo chako. Wakati mwingine kukishusha kabisa ndiko kunakotuliza, kwa sababu upepo laini kifuani ni bora kuliko upepo uliovunjikavunjika usoni.

Kuhusu umbali kwa tanki moja, chukua lita 5 kwa kilomita 100, ambayo ni matumizi ya mtu anayeendesha kwa mchanganyiko na haogopi gesi. R7 yenye lita 13 inakupa kilomita 260 hadi tone la mwisho, GSX-8R 280, Ninja 650 300, CBR650R 308, Tracer 9 380. Toa kilomita 60 kwenye kila moja, kwa sababu hakuna mwenye akili anayesubiri tone la mwisho.

Kimo cha kiti kinahitaji neno la ziada. Namba ya milimita inapimwa katikati ya kiti, lakini miguu yako inashuka pembeni. Kiti chembamba cha 820 kinaweza kukufikisha chini vizuri kuliko kipana cha 800. Kwa hiyo usiikatae pikipiki kwa kusoma namba. Ipande ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea, simama kwa nyayo za mbele za miguu yote miwili, kisha telezesha makalio upande mmoja uweke unyayo mzima chini. Ukiweza hilo bila kuyumba, kimo hakina tatizo. Kushusha pikipiki kwa kubadili viunganishi vya shokapu ya nyuma ni njia ya mwisho: ukishusha nyuma peke yake, pembe ya usukani inalala, kona zinakuwa nzito, na stendi ya pembeni inabaki ndefu mno hata pikipiki inasimama wima kiasi cha kuanguka upande wa pili.

Ukipewa ya kujaribu, usiende nayo barabara kuu pekee. Kwanza geuza kwenye nafasi finyu, usukani umekatwa mpaka mwisho, uone kama kidole gumba kinabanwa kati ya mshiko na tanki. Kisha tafuta barabara mbovu, upite juu ya kiraka kwa kilomita 40 kwa saa ukiwa umekaa. Pigo moja likifuatiwa na utulivu ni sawa. Pigo likifuatiwa na kuchezacheza mara mbili tatu ni shokapu isiyo na ukinzani wa kurudi. Kisha shika gia ya tatu kwenye mizunguko 3,000, funga gesi, ifungue kidogo. Pikipiki ikiguta mbele, gesi yake ni kali mwanzoni, na kila kona ya polepole ya mjini itakukera. Mwisho simama na injini ikiwa ya moto mpaka feni iwake, usikie hewa ya rejeta inakwenda wapi. Kwenye baadhi ya pikipiki inakwenda moja kwa moja kwenye mapaja, na dukani hutaligundua hilo kamwe.

Ukishainunua, nusu ya starehe bado hujaipata. Iko kwenye spana. Mikono ya breki na klachi mara nyingi hutoka dukani imelala juu mno, hivyo kifundo kinakunjwa kila ukishika. Kaa kwenye mkao wako wa kuendesha, nyoosha vidole, legeza boliti za vifungio uzungushe mikono mpaka mstari wa mkono wa mbele na vidole uwe mmoja. Dakika tano, bila gharama. Klachi ya waya iachie mlegezo wa milimita 10 hadi 15 kwenye ncha ya mkono: ukiikaza mno diski zinateleza na kuungua, ukiilegeza mno gia zinagoma kuingia ukiwa umesimama.

Shokapu ya nyuma inapimwa kwa futi kamba. Pikipiki ikiwa imeinuliwa, gurudumu likining'inia, pima kutoka ekseli hadi alama uliyoiweka mkiani juu yake, tuseme milimita 580. Ishushe chini, mwenzako aishike, ukae na mavazi yako yote, miguu juu ya vikanyagio, apime tena: tuseme 530. Umezama milimita 50, na hiyo ni nyingi. Barabarani unataka 30 hadi 40. Kaza kola ya springi (pete inayoibana), pima tena. Sasa kuna kosa ambalo hata mafundi hulifanya: kukaza kola hakuifanyi springi kuwa ngumu, kunainua tu kimo chake. Ili kujua kama springi yenyewe inakufaa, baada ya kupata 35 ukiwa umekaa, shuka upime pikipiki ikiwa peke yake. Inatakiwa izame kwa uzito wake milimita 5 hadi 15. Isipozama kabisa, maana yake umeikaza springi laini kupita kiasi ili ikubebe, nayo itakurusha kwenye kila tuta. Hapo springi mpya ndiyo dawa, na hakuna idadi ya kukaza itakayosaidia.

Matairi ndiyo sehemu ambayo mpandaji wa kila siku hujidanganya zaidi. Tairi laini la mbio halipati joto kwenye safari ya dakika 20, kwa hiyo asubuhi linashika vibaya kuliko tairi la safari za spoti kama Michelin Road 6, Metzeler Roadtec 02 au Pirelli Angel GT II, na linakwisha upesi. Safari nyingi za moja kwa moja zinalikwangua tairi katikati likawa bapa. Dalili yake ni hii: pikipiki inagoma kulala, halafu inapofika pembeni mwa ule ubapa inaanguka ghafla kwenye kona. Watu hupeleka pikipiki kwa fundi wa shokapu kumbe tairi ndilo limechakaa umbo, ingawa kina cha mifereji bado kipo. Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi: Ninja 650 ni psi 32 mbele na 36 nyuma, CBR650R na GSX-8R ni 36 na 42. Kwa nyingine fuata kibandiko kilicho kwenye mkono wa gurudumu la nyuma. Kupunguza upepo ili "ishike zaidi" ni ushauri wa uwanjani, ambako tairi linachemka. Mjini unapata usukani mzito na tairi linalochakaa mabegani.

Cheni nayo ina siri moja. Mkono wa gurudumu la nyuma unapopanda, umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka, kwa hiyo cheni inayoonekana imekaa vizuri pikipiki ikiwa tupu inakaza ukikaa, na inakaza zaidi ukiwa na abiria. Cheni iliyokazwa mno inavuta beringi ya shafti ya gia, na kuitengeneza hiyo ni kupasua injini. Ukikosea, kosea upande wa kulegea kidogo. Zungusha gurudumu, tafuta sehemu iliyokaza kuliko zote, pima mlegezo hapo, linganisha alama za pande zote mbili za ekseli, kisha kaza nati kwa spana ya torki. Paka mafuta kila kilomita 500 hadi 1,000, mara tu baada ya kushuka, cheni ikiwa bado ina joto.

Ganzi ya vidole ikibaki hata baada ya hayo yote, jaribu vizito vya mwisho wa usukani vyenye uzito zaidi kabla ya kununua usukani mpya. Vinahamisha mtetemo kwenda kwenye mizunguko usiyoitumia sana. Na legeza mkono: nusu ya ganzi ni ya kung'ang'ania.

Kwa anayenunua iliyotumika, pikipiki za aina hii huanguka zaidi ya zile za kawaida, na plastiki mpya huficha mengi. Anza na ncha: ncha za vikanyagio, za mikono ya breki na klachi, za usukani. Zikiwa zimekwaruzwa upande mmoja, ililala ikiwa imesimama au kwa mwendo mdogo, na hilo linasameheka kwa bei. Inua gurudumu la mbele, sogeza usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukinasa kidogo pale katikati kama una kijishimo, beringi za shingo zimekufa. Futa bomba za shokapu kwa kitambaa cheupe, bonyeza breki ya mbele na kuzamisha mara tatu, tazama: duara la oili maana yake sili zimekwisha. Vuta cheni nyuma kutoka katikati ya sproketi kubwa. Ukiona nusu ya jino, cheni na sproketi zote mbili ni za kubadilisha pamoja. Soma tarakimu nne kwenye tairi: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Unene wa chini wa diski umechongwa kwenye diski yenyewe, upime kwa kipimo, usikisie kwa kidole.

Mwisho kabisa piga magoti utazame chini ya pande la pili, linalozibana shokapu za mbele kwa chini, ukiwa na tochi. Kwenye fremu kuna nundu ndogo za kuzuia usukani usipite kiasi. Pikipiki iliyobingirika kwa mwendo mkubwa husukuma usukani ukazigonga nundu hizo, nazo hubonyea au kupasuka rangi. Hakuna muuzaji anayekumbuka kuzipaka. Ukikuta zimebonyea, rudisha ufunguo.